Tope Letu la Mto Kuywa

Kabuchai, mwezi wa Mei

Kwa kaka yangu mpendwa Mukhisa,

Pokea salamu kutoka kwetu nyumbani. Natumai wewe, shemeji Edah na mtoto wetu Khisa mko wazima huko Kitale. Sisi tunamshukuru Mungu, ila goti la mama limekataa kuzoea mvua hizi.

Viazi ulivyotuma Pasaka kutoka shamba lako la mlimani vilifika. Watoto walivila hadi wakaukimbia ugali, na mama akasema ati siku hizi amezaa mzungu wa mlimani. Tulicheka sana siku hiyo.

Kaka, ni habari ya Khisa kutahiriwa Agosti. Baba mdogo Walubengo alinipeleka mtoni tukapaangalie mahali petu, pale alipopakwa tope la tohara babu, kisha baba, kisha wewe na mimi. Hapapo tena. Lile tope jeusi, laini kama ugali wa wimbi, limefunikwa na udongo mwekundu. Nilichimba hadi shimo likanifika kiunoni, nisilione.

Mzee aliketi ukingoni. Akasema mto hauna kosa, wenyewe ni mbebaji tu. Kuna mtu huko juu amelima mpaka majini. Kisha akamlaani: aliyelifukia tope letu, mwanawe naye akose pa kupakwa. Nilikuwa na hasira, nikaitikia laana hiyo.

Kesho yake nikapanda pikipiki kuufuata mto kuelekea mlimani, nikimtafuta huyo mtu kwa hamu ya ugomvi. Kila daraja nililofika, maji yalikuwa mekundu. Nilipopita Kapsokwony nikafika mahali ambapo upande wa juu maji ni safi na upande wa chini ni mekundu. Katikati ni shamba lako, kaka. Mianzi ya ukingoni imekatwa yote, na matuta ya viazi yanateremka moja kwa moja hadi mtoni. Nilikaa pale nikalia. Vile viazi tulivisifu sote.

Mzee sijamwambia. Anamsubiri Khisa kwa furaha, hajui ndiye aliyemlaani. Na unajua desturi yetu, laana huondolewa na aliyeitoa. Tafadhali njoo umwambie mwenyewe kabla ya Agosti, na huko shambani matuta yageuzwe yakingame mteremko.

Mama anakusalimu. Msalimie shemeji, na Khisa usimsomee barua hii.

Ni mimi mdogo wako, niliyeitikia,
Levi