Mayai ya Dalmas

Jumamosi, 2 Machi 1957
Kuku wamefika. Wanne, ndani ya kikapu, kutoka Elburgon. Mume wangu Dalmas anafanya kazi kwenye injini ya treni, basi amewabeba humo humo, wameshuka weusi kwa masizi. Mmoja nimemwosha. Kumbe ni mwekundu.

Haya yote ameyaanza nesi wa kliniki. Mimba ina miezi mitano, damu yangu nyepesi, nikisimama haraka ukuta unazunguka. Yai moja kila siku, amesema — kama vile nayatoa mfukoni.

Jumatano, 6 Machi
Hakuna yai.
Banda nimelitengeneza kwa masanduku ya majani ya chai, nyuma ya jikoni. Kuku wanalitazama kama wapangaji walioahidiwa nyumba ya mawe. Jana wamelala juu yake, si ndani.

Jirani yangu Chepkemboi alichungulia uani. Anasema kuku akihama moyo unabaki nyuma, nimpe wiki. Halafu akauliza, eti kwenu Wajaluo mwanamke anakula mayai? Nikamwambia kwetu ni mbali.

Jumapili, 10 Machi
Yai! Dogo, lina alama ya damu kwenye ganda. Nimelikaanga, nimelila nimesimama, mlango umefungwa. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuonja. Nilingoja radi. Nikaona tu kwamba chumvi haikutosha.

Jumatatu, 18 Machi
Watatu wanataga. Yule mwekundu anakula tu na kutoa maoni.
Nawapa pumba, maganda ya mayai niliyoyaponda, na mboga ya sukuma iliyozeeka. Vumbi la magadi kutoka ziwa letu linalokauka linaingia kwenye maji yao, nabadilisha asubuhi na jioni. Ukuta hauzunguki sana siku hizi.

Mama yake Dalmas anakuja kunisaidia mpaka nijifungue. Msaada umeshapanda treni Kisumu.

Jumatano, 20 Machi
Mama amefika. Kiswahili hajui, tunaongea Kijaluo. Hata chai hajanywa, ameenda bandani, amemshika yule mwekundu, amempima kwa vidole kwenye mifupa ya nyuma. "Huyu bado. Mpe wiki mbili." Akasogeza maji kivulini. Akaweka nyasi kavu, akawatemea maneno fulani, na jioni wote wakaingia kulala ndani, wamenyamaza kama watoto wa misheni.

Nilifurahi mpaka wakati wa chakula. Akachemsha mayai yote, akayaweka mbele ya Dalmas.

"Nyar Seme," — ndivyo anavyoniita, binti wa Seme — "wewe usiyasogelee. Mwanamke akila yai, mtoto anazaliwa kipara, na kusema hasemi."

Dalmas aliyatazama yale mayai kama mshtakiwa. Mimba ninayo mimi, lishe anapata yeye.

Jumapili, 24 Machi
Tumepata njia. Dalmas anakula moja mbele ya mama yake, la pili linaingia kwenye koti la kazi. Nalipata nikienda kufua. Jana alisahau akalikalia. Mama akauliza harufu gani hiyo. Dalmas: mafuta ya injini, Mama.
Mama anasema mwanawe ananenepa. Kweli, upande wa mfuko.

Ijumaa, 29 Machi
Dalmas yuko safarini tangu Jumatatu. Akiwa hayupo, mayai yanawekwa kwenye chungu, ni akiba yake. Koti halipo, yai halipo. Nilikuwa naanika nguo, ukuta ukarudia mchezo wake. Nikashika kamba. Mama aliona. Akanikalisha, akanipikia mrenda, akanikanda miguu, akafua nguo zilizobaki pamoja na zile ambazo hazikuwa chafu.

Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Alhamisi, 4 Aprili
Mwekundu ametaga. Wiki mbili na siku moja. Mama amepita mbele yangu na lile yai mara kadhaa.

Jumanne, 9 Aprili
Kliniki. Mama amekataa kubaki nyumbani, amevaa gauni la kanisa.

Nesi amenidunga kidole. Damu imeshuka tena. Nikiendelea hivi, siku ya kuzaa sitakuwa na nguvu, na hapo haongei juu ya kizunguzungu tena. Alipoona mimi natazama sakafu, akamgeukia Mama.
"Mama, huyu ale mayai. Mayai yake, si ya bwana."
Mama akaniuliza, anasemaje?
Mkalimani ni mimi. Nikasema: anasema nile samaki.
Nesi: "Umemwambia?"
"Nimemwambia."
"Amesemaje?"
"Anashukuru."
Nesi hakuridhika. Akarudia: mayai, Mama, mayai — kwa sauti kubwa, kana kwamba Kiswahili ni shida ya masikio. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Tumefika nyumbani, amevua viatu, amekaa.
"Nyar Seme. Samaki kwa Kiswahili ni nini?"
"Ni samaki, Mama."
"Na tong'?"
Tong' ni yai.
"Nimewauzia Wahindi wa Kisumu mayai kabla baba yako hajapata ng'ombe wa kumwoa mama yako. Kiswahili sijui. Lakini hilo neno moja nalijua, hata bei yake najua. Yule msichana amelitaja mara nne. Samaki sikumsikia."

Akainuka, akatoka nje. Nikamsikia bandani akiongea na kuku kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama anayewaomba ruhusa. Amerudi, ameweka sufuria motoni, hanitazami. Mimi naandika hapa mlangoni, najifanya nina kazi.

Dalmas amepelekwa njia ya Uganda, harudi mpaka Ijumaa. Ndani ya nyumba tuko Mama na mimi. Maji yameanza kuchemka. Mayai aliyoweka ni mawili.