Neno Clear na Jembe la Kuazima

Njombe, Alhamisi, mwezi wa sita.

Leo ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Baridi imeingia hadi kwenye wino. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alitoka barazani, akasugua viganja, akatazama upande wa milima na kusema, "It will clear." Tarishi akanigeukia, nami nikamfasiria kuwa ukungu utaondoka. Ndiyo kazi yangu hapa bomani, kuchukua maneno mdomoni mwa mtu mmoja na kuyatia sikioni mwa mwingine. Lakini neno lile limenikaa kichwani kutwa nzima.

Naogopa. Naliandika hili kwanza ili nisije nikalizungukazunguka.

Clear ni neno nililolipenda tangu shule ya misheni. Mwalimu alipotuagiza tufute ubao alilitumia. Maji ya kijito yakionekana mpaka chini kwenye changarawe, alisema ni clear. Hesabu ikishaeleweka ni clear. Deni likilipwa, moyo usipokuwa na hatia, njia isipokuwa na kizuizi, koo likisafishwa kwa kukohoa, ni lile lile. Tulicheka tukasema neno hili ni kama mke wa mchungaji, hakuna kazi ya usharika ambayo hajatwikwa. Mimi nilijifunza na ndugu zake wote, plain, bright, obvious, free, empty, kila moja na mahali pake, na ndiyo maana nikapewa koti hili jeupe na kiti nyuma ya Bwana Shauri. Nilijivuna. Mama alinitazama nimevaa koti akasema sasa hata mvua itaniamkia shikamoo.

Kuna maana moja ambayo mwalimu aliipita haraka. Kufyeka. Kuondoa kila kilichopo mpaka pabaki patupu.

Juzi tulikwenda kilimani kwetu, upande huu wa Kifanya. Nasema kwetu kwa sababu ndipo nilipozaliwa, mama yangu yuko pale mpaka leo, na baba yangu amezikwa pale, nyuma ya nyumba, penye mianzi. Tulikwenda Bwana Shauri, mimi, na mzungu mgeni anayetaka mahali pa kupanda miwati, ile miti ambayo magome yake hutumika kulainisha ngozi. Wazee walikuwa wamekusanyika mbele ya kanisa letu la nyasi. Bwana Shauri aliwaambia mgeni huyu anaomba ardhi, nami nikawafasiria.

Mkubwa wa kilima ni kaka yake baba yangu, baba mkubwa Mgaya. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na jembe lenye mpini mpya na kikapu kidogo cha mbegu za ulezi. Akaviweka miguuni mwa yule mzungu, akarudi nyuma hatua chache, akapiga makofi polepole kama tunavyofanya tunapompokea mtu.

Waswahili wa pwani wana msemo wao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nao huusema kwa kumtania mgeni asiyejua kuondoka. Kwetu jembe la mgeni si utani. Mgeni akiomba mahali pa kulima, hupewa jembe la mwenyeji na mbegu za msimu mmoja. Maana yake, lima pale tutakapokuonyesha, kula unachovuna, kaa nasi vizuri. Jembe ni la kuazima na ardhi ni ya kuazima. Siku ukiondoka unarudisha vyote viwili. Na mwenye jembe la kuazima hapandi mti. Hata mpera mmoja hapandi. Ulezi unavunwa ukaisha, lakini mti unakaa, na anayepanda mti anasema, mimi sitoki tena. Watoto wadogo kwetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusali.

Baba mkubwa alidhani anamwonyesha mgeni mpaka wake. Wazungu walidhani wamepewa kilima.

Nililiona hilo pale pale, kwenye uso wa yule mgeni, alivyoliinua jembe na kucheka kwa furaha. Nikaogopa, lakini sikunyamaza. Nilimweleza Bwana Shauri kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote. Nilimwambia ni la kuazima. Nilimwambia habari ya miti. Nilimwambia hakuna mgeni anayehamisha wenyeji. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Kisha akasema, "Quite clear," na akaelekea kwenye gari.

Wazee waliniuliza amesemaje. Nikawaambia amesema ameelewa. Nilifasiri sawasawa. Baba mkubwa akafurahi.

Jana asubuhi Bwana Shauri alinichukua Makambako kupokea mzigo uliokuja kwa lori. Upepo wa Makambako unajulikana, ulitupiga mavumbi mpaka kwenye meno. Nilidhani ni mabati ya ghala. Vilikuwa vigingi, vifurushi kwa vifurushi, vimechongwa ncha na vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Nilikishika kimoja. Rangi ilikuwa imekauka zamani, na chini ya kamba ilishaanza kubanduka.

Kwa hiyo vigingi vilichongwa kabla hatujaenda kuomba.

Mpima ardhi alikuwa akitungoja kando ya lori. Bwana Shauri akamwambia kilima kiwe clear kabla ya mvua za kwanza. Mpima akauliza, pamoja na nyumba? Pamoja na nyumba. Akauliza tena, na lile kanisa la nyasi, na makaburi? Bwana Shauri akawasha kiko chake, akasema nyasi haina shida, na makaburi miti itayafunika. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga mahali pa kuweka kabati. Nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi kwamba moshi wa kiko ulikuwa unanipita usoni.

Ndani ya gari, tukirudi, alikumbuka kwamba mimi nina masikio. Akasema mkalimani ni dirisha tu, na dirisha halisimulii kilichopita mbele yake. "Is that clear?"

Nikasema, yes, sir. Nilisema upesi sana. Mpaka sasa naona aibu jinsi nilivyosema upesi.

Sikupata usingizi mzuri. Nilimwona mama akibeba mtungi na jiwe lake la kusagia, akiulizwa aende wapi. Nikawaza nikisema nitapoteza kazi, labda na zaidi ya kazi, maana kuna chumba hapa bomani chenye dirisha dogo sana. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Vigingi vitafika kilimani, watu watashangaa, nami nitasimama katikati na koti langu jeupe nikifasiri amri ya kuhama kwa lugha ya mama yangu.

Leo baada ya chakula cha mchana niliomba ruhusa, nikasema nina homa. Nilipanda baiskeli. Nilimkuta baba mkubwa anapaka tope la majivu kwa kijiti kwenye mzinga wake wa nyuki.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mbona uso umesawijika?"

Nilimwambia yote. Vigingi, nyumba, kanisa, kaburi la mdogo wake. Alisikiliza bila kuacha kupaka. Nilipomaliza aliweka chini kile kijiti, akafuta mikono kwenye nyasi.

"Ulimwambia habari ya jembe?"

"Nilimwambia, baba. Alielewa."

"Alielewa," akarudia. "Basi ni afadhali. Mtu asiyeelewa unamfundisha. Huyu hatuna cha kumfundisha. Tutakwenda kulidai jembe letu."

Kulidai jembe kwetu kuna namna yake. Mwenyeji hapigi kelele wala hachukui fimbo. Anakwenda alfajiri, kabla mgeni hajaanza kazi, anaketi chini mbele ya mlango wake. Haongei. Haondoki. Mgeni akifungua mlango na kumkuta pale, anajua. Anarudi ndani, analeta jembe, na mambo yanaishia hapo. Sijawahi kusikia mgeni aliyekataa, kwa sababu sijawahi kusikia mwenyeji aliyeketi bure.

Lakini hao wote walikuwa wageni wetu wenyewe, watu wa Ipelele na Matembwe, wanaojua kuona haya.

Jembe letu liko ofisini kwa Bwana Shauri. Yule mgeni alimwachia, naye amelitundika ukutani juu ya kabati. Nimeliona asubuhi hii nilipopeleka chai. Kwa hiyo mlango ni wa boma. Baba mkubwa amekwisha tuma watu nyumba kwa nyumba. Kilima kizima kinashuka jioni hii, watalala kwa ndugu hapa mjini, na kabla ya jua watakuwa wameketi kwenye majani ya Bwana Shauri, wazee mbele, akina mama nyuma. Nilimwambia baba mkubwa wanawake wabaki. Akaniambia nikamwambie mama yangu mwenyewe. Nikaenda. Mama alikuwa anakunja blanketi. Alinitazama tu, akaendelea kukunja.

Sasa giza linaingia. Kwenye uwanja askari wanasafisha mikanda kama kila Alhamisi, wanacheka, hawajui. Wengi wao wametoka mbali, hawajui Kibena, lugha yetu, na hawajui desturi ya jembe. Asubuhi wataona watu wengi wameketi mbele ya boma kimya, na ukimya wa watu wengi huwatisha askari kuliko makelele.

Nimejaribu kuwaza Bwana Shauri atafanya nini akifungua mlango. Namjua. Hataleta jembe. Hatapandisha sauti. Atawatazama, atatazama saa yake, kisha atamwita sajini na kumwambia neno moja, lile lile. Sajini analijua neno hilo. Amelisikia kila siku ya gwaride, watu wanapoondolewa uwanjani. Wala hatageuka kuniuliza maana yake.

Nimelivua koti jeupe. Nimelikunja, nimeliweka juu ya kiti, litarudi kwa wenyewe.

Neno la kesho halihitaji mkalimani, basi ndani sina kazi. Akinitafuta nyuma ya kiti chake hatanikuta. Nitakuwa nje kwenye majani, kati ya baba mkubwa na mama, nimeketi.

Mungu atupe ukungu mzito, nao uchelewe kuondoka.