Kadi ya Kinu cha Moshi

Baba,

Hitima ya arobaini yako tumeshaisoma. Wageni wameondoka, nyumba ya Wawi imebaki kimya, na mimi nina hasira ambayo sina wa kumpelekea ila wewe.

Ni ile kadi yako ya posta ya zamani, ya kinu cha mafuta ya nazi. Jumba refu la mawe, paa la mabati, dohani inafuka moshi, na mbele wafanyakazi wamepangwa mstari, wanaikodolea macho kamera ya Mzungu. Wa mwisho, karibu na mlango, ni babu. Alikufa wewe ungali tumboni, kwa hiyo uso wa baba yako uliujulia kwenye kadi tu. Ukiifuta vumbi kwa ncha ya kikoi ulikuwa ukisema, "Pua yake ndio hii nnayotembea nayo mie."

Baada ya Mapinduzi, watu walipochoma picha zao kwa hofu, wewe uliishona kadi ndani ya mto. Miaka ya karibuni ndipo ulipoitoa ukaitundika juu ya kitanda. Lakini mwenyewe hukukubali tena kupigwa picha, hata siku ya harusi yangu. Nilinuna, kisha nikajituliza: wewe na babu ni shilingi kwa ya pili. Sura yako ikija kunipotea, nitaitazama kadi.

Siku tuliyoondoa matanga niliikuta imekwanguliwa kwa wembe. Watu wote, kichwa mpaka miguu. Babu amekuwa doa jeupe mlangoni.

Ni dada yako, Shangazi Bi Time. "Malaika hawaingii penye picha, mwanangu," aliniambia. "Nshawatoa wote wenye roho, apumzike ndugu yangu. Jumba halina roho, nimeliwacha."

Baba yake mzazi! Yeye aliwahi kupakatwa naye. Nilitaka kumpigia kelele, lakini nikaona vidole vyake vina chale za wembe. Alifanya kwa kukupenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilikwenda kukitazama kinu chenyewe. Mabati yameng'olewa, mawe watu wamejengea vyoo. Ndani ya dohani umeota mpapai.

Ulisema kadi zile zilichapwa nyingi, zikapelekwa Ulaya. Basi huko kuna kabati la mtu asiyetujua lenye uso wa babu, na ndani ya uso huo, wako. Mimi mwanao sina. Leo asubuhi nilifumba macho nikutazame. Pua ilikuja. Macho yako hayakuja, Baba, na nililia kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hivi: kadi siitupi, na Shangazi simsusi. Kila Ijumaa nitakwenda kukaa naye, anihadithie nyuso zenu. Uso wa babu ameufuta yeye, na hapa kwetu hakuna mwengine aliyebaki nao kichwani.

Mwanao,
Zuwena