Kufuli kwenye Karakana ya Dallas

Ndugu yangu Nyaga,

Kabla sijaanza kugomba, niambie kwanza: mguu wa mama umepungua kuvimba? Na wewe kifua kimeachilia? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uswidi inanifunga blanketi hadi nikielekea kazini nafanana na mgonjwa aliyetoroka wodi. Bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, aliyeshindwa kutandika kitanda chake mwenyewe kule nyumbani Kianjokoma, leo anapewa mshahara kwa kukunja mashuka. Cheka haraka umalize, maana nimekasirika.

Najua ungependa nikutumie sauti kwa simu. Nilituma tatu, ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Hebu tuone utaijibuje karatasi.

Jumapili dada Igoki alinipigia kutoka Kiritiri. Nyuma yake nilisikia mtu akipiga debe na kukohoa. Ni shemeji, anafukuza ndege kwenye mtama tangu alfajiri, na sauti imemwisha. Mahindi yao yalikauka yote, unajua. Huo mtama ndio chakula kilichobaki, na ndege wameshaanza kula upande wa chini.

Igoki hakukaa kulia. Ametengeneza kinyago cha kutishia ndege: mota ya waipa ya kioo cha gari bovu, mikono ya vifuniko vya sufuria, kichwa cha kibuyu alichokipaka rangi mpaka mbuzi wanakikwepa. Kikizunguka, anasema, kinalia kama bendi ya shule iliyoanguka kwenye ngazi. Kimebakisha waya mbili za kulehemu na gia moja ya plastiki. Kazi ya asubuhi moja, Nyaga! Na kila kinachohitajika kiko kwenye karakana yetu hapo Embu, mtaani Dallas, ile tuliyosema ni ya kila mtu mwenye redio mbovu, gitaa lisilo na nyuzi, au wazo tu. Amekuja hapo mara tatu. Mara tatu amekuta kufuli.

Mara ya tatu alikupata wewe mwenyewe mlangoni. Alinisimulia neno kwa neno:

"Nyaga, nifungulie."

"Dada, ngoja kwanza tufungue rasmi. Mheshimiwa amesema atakuja."

"Lini?"

"Ofisi yake itatuambia. Sasa nikikuachilia uchafue hizo vitu, siku hiyo nitamwonyesha nini?"

"Kwani hawa ndege nao wanangoja mheshimiwa?"

Nasikia ulicheka. Mimi sikucheka.

Alipiga picha kupitia dirishani, akanitumia. Nyaga, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, umevalisha mashine vitambaa vya kroshia! Ile printa ya kutengeneza vitu vya plastiki ina kitambaa cha waridi kama kochi la wageni. Hata chuma cha kulehemu, kitu kilichozaliwa kuunguza, kimelazwa juu ya ua jeupe. Nilimwonyesha Mfilipino ninayefanya naye kazi, akauliza kama ni madhabahu.

Nalijua hilo gonjwa, limetoka nyumbani. Unavikumbuka vikombe vya mama vya kabatini, vya kumwekea pasta wa kanisa? Sisi tulikunywa kwa bati. Pasta alikuja mara mbili, na mara ya pili alisema ameacha chai. Vikombe viko kabatini mpaka leo, vizima kabisa, na hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuvigusa kwa mdomo. Ndivyo unavyotaka karakana iwe?

Mashine hizo nilipewa na watu wa karakana ya huku ninayokwenda kila Jumamosi. Siku ya kwanza niliunguza kidole, kisha nikaunguza meza. Nilitaka kukimbia. Bibi anayenifundisha aliitazama ile alama nyeusi mezani, akaniambia, "Haya, sasa wewe ni mwanachama." Walizitoa kwa sharti moja, kwamba zitumike na yeyote. Kila Jumamosi wananiomba picha za watu wa Embu wakiunda vitu. Niwaonyeshe vitambaa?

Nakubali, kosa lilianzia kwangu. Ni mimi mjinga niliyeandika juu ya sanduku la mashine, "Tunza kama yai." Nilimaanisha wabebaji wa mizigo. Wewe ukaketi juu yake kama kuku.

Sasa sikiliza, mwenyekiti wa kamati ya karakana. Sikuandika kukuomba. Nimemwambia Igoki aje Alhamisi na fundi wa kuchomelea, wakate kufuli, aingie alehemu waya zake. Barua hii ikikufikia, mlango utakuwa wazi tayari. Meza ikiungua, ni sawa. Mheshimiwa akija akute watu wana mafuta mikononi, apewe na yeye kitambaa cha kupangusia. Kamati ikitaka wa kulaumiwa, wape jina langu. Mimi niko mbali, na ngozi yangu imeshazoea.

Nisalimie mama, mwambie namwombea mguu. Msalimie mke wako pia. Vitambaa vyake ni vizuri sana, kweli, avirudishe kwenye makochi, halafu yeye mwenyewe aje karakana, maana mikono inayojua kroshia haitashindwa na waya. Shemeji mpelekee asali ya koo.

Ni mimi kaka yako anayekupenda na aliyekukasirikia, yote mawili kwa pamoja,

Njeru

Usinunue kufuli nyingine.