Kipimo cha Zuhura

Jumatatu, 5 Machi 1956

Samahani kwa kimya kirefu. Najiomba radhi mwenyewe, maana hapa hasomi mwengine. Niliapa nitaandika tangu siku ya kwanza ya kujifunza ualimu, na sasa muhula unakaribia kwisha. Uchovu tu. Alfajiri nakaanga mandazi na Shangazi Mize, ninayekaa kwake hapa mjini, Kikwajuni. Asubuhi skuli, darasa la watoto wadogo. Jioni kofia za kushona mpaka macho yaume.

Leo kama jana. Mikono kuoshwa, uji, nyimbo, kuhesabu kwa magamba ya kome. Mmoja kajikojolea, mwengine kamng'ata mwenzake. Bi Zeyana, mwalimu ninayejifunza kwake, hasemi sana. Hutazama. Yeye ndiye atakayesema nafaa au sifai. Nikifaa, skuli ya kwetu shamba, Makunduchi, inataka msaidizi baada ya likizo.

Kwetu. Kwa Zuhura.

Ana miaka minne, yuko kwa mama yangu. Baba yake alinipa talaka akenda zake Mombasa, na hilo silipotezei wino. Zuhura hulala kanishika sikio. Sijui sasa anashika la nani.

Darasani yuko Raya, umri wao mmoja. Akisimama mlangoni, utosi wake unafika kwenye komeo. Basi najiambia na Zuhura kafika hapo. Kila asubuhi namtazama Raya kabla ya wote.

Jumanne, 6 Machi

Nimeharibu.

Raya kahesabu kome wote peke yake, hakukosea. Nikafurahi kama wangu. Saa ya kwenda nyumbani mama zao wamejaa mlangoni na mabuibui yao. Nikamtoa Raya nimemshika mkono, nikamwambia mama yake, Bi Salma, mbele ya wote: huyu ana akili kuliko wenzake wote, na nywele hizi, na macho haya, sijaona mtoto kama huyu.

Sikusema mashaallah. Ulimi ulitangulia. Makunduchi nzima ingenipigia kelele, na nimelelewa huko huko.

Kisha mmoja wa nyuma akasema, "Haya jamani, ficheni wanenu. Macho yameshateremka garini kutoka shamba." Wakacheka. Bi Salma hakucheka. Alimfunika mtoto kichwa kwa buibui lake akaondoka.

Mama yake Hamdu naye alikuwa pale. Hamdu ambaye mpaka leo analia kila asubuhi na hajahesabu hata kome mmoja. Yule mama aliniangalia, akaangalia chini. Hilo nimelitambua nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 8 Machi

Raya hakuja jana, hakuja leo. Ana homa. Mlangoni wameshahukumu: jicho. Asubuhi wanawake wawili walinipita kama nguzo, wakawapeleka watoto kwa Bi Zeyana mkononi.

Shangazi hakunipoza. "Mwanangu, hata mbuzi wa mtu hasifiwi kavu kavu, sembuse mtoto."

Nina hasira. Homa ni homa, mbu wamejaa mji mzima. Nilitaka nisimame mlangoni niwaambie hivyo. Bi Zeyana akanizuia. Kanikalisha kwenye kibao cha watoto, magoti kidevuni, na yeye kasimama.

Alisema mambo mawili, bila kupandisha sauti. La kwanza: habari ya mtoto apewe mama yake, ndani, peke yake, ikiwa njema au mbaya. Mlangoni ni salamu tu. La pili: "Macho ya mwalimu hugawiwa kama uji. Wewe kikombe kimoja unakifurisha, vyengine unavipa ukoko. Nimekuona tangu mwanzo wa muhula."

Nikasema Raya ni kama mwanangu. Akasema, "Si mwanao. Ana mama yake, na mama yake sasa anaogopa. Nenda kwake. Usijitetee, usimfundishe. Msikilize."

Na Raya asiporudi? Akasema asiporudi, itabidi yeye aandike kwa nini kwenye ripoti yangu.

Nimeumia. Kweli huuma.

Jumamosi, 10 Machi

Nimekwenda mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, nyumbani kwa Bi Salma. Nilibeba ndimu na mandazi kwenye sinia, nimeyafunika kwa kawa.

Raya kalala kwenye kitanda cha kamba, midomo mikavu. Kaniona, akatabasamu. Nikaangalia ukuta. Bi Salma akasimama baina yetu. Nyanyake Raya kakaa mkekani, tasbihi mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja.

Nikauliza mgonjwa ana hali gani, nikasikiliza. Bi Salma alisema mengi. Kwamba alizika wawili kabla ya huyu. Kwamba skuli hakuitaka yeye, kaitaka mumewe. "Nimekupeni mtoto wangu mumfunze, si mumsimamishe mlangoni kama kitambaa cha kuuza." Nilikuwa na majibu. Nikayameza.

Kisha nyanya akasukuma beseni na birika mbele yangu. Anataka nitawadhe, maji yale akogeshwe mtoto. Ndiyo dawa ya jicho, maji yachukuliwe kwa aliyetazama.

Nikaliangalia lile beseni. Nikitoa, nimekubali mimi nina jicho, na nani atanipa mwanawe tena? Kesho habari itafika mlangoni kabla yangu. Nikikataa, Raya hatarudi, na Makunduchi nitaisikia kwa jina tu. Lakini sikukata shauri kwa ajili ya Makunduchi. Nilimwangalia Bi Salma. Kazika wawili. Ningekuwa mimi ningeomba hivyo hivyo.

Nikasema, "Nnatoa kwa sababu mtoto mgonjwa na nyinyi mna hofu. Simhusudu. Nnaye wangu wa umri wake, sijamwona tangu nije mjini. Na dawa ya hospitali pia apewe."

Nikatawadha. Polepole, kila kiungo. Nyanya akachukua beseni. Bi Salma akaniuliza, mara moja tu, "Wako anaitwa nani?"

Nilipofika njiani nikalia ndani ya buibui. Faida ya buibui.

Jumatano, 14 Machi

Raya karudi. Kakonda. Nukta ya wanja ya kukinga jicho kwenye paji la uso, kubwa kama pesa. Homa iliondoka kwa maji au kwa vidonge, kila mtu ana yake, mimi sibishani.

Mama yake kasema mlangoni salamu tu. Nami salamu tu.

Sikumtazama Raya kabla ya wote. Nilianza na Hamdu. Nilikaa naye mpaka kilio kikakatika, akahesabu kome, mmoja, wawili, akachoka. Nikamwita mama yake ndani, nikamwambia, mashaallah, ameanza. Akashika kifua.

Raya alipopita mlangoni nikageuza uso nisione utosi umefika wapi. Siku nzima nina njaa isiyo ya chakula.

Jumatano, 21 Machi

Bi Zeyana kaniita. Mlango umerudishwa nusu, kama anavyowaita wazazi.

Sikufeli. Lakini Makunduchi anakwenda mwenzangu mwengine anayejifunza ualimu. Mimi nibaki muhula mmoja zaidi. Kasema ulimi umeshatulia, macho bado, na kwamba darasani Makunduchi atakuwemo Zuhura mwenyewe, na kama siwezi kugawa macho kwa mtoto wa mtu, kwa wangu itakuwaje? Nilitaka kumchukia. Sikuweza. Ni kweli.

Muhula mzima.

Jumamosi, 24 Machi

Mvua kidogo. Shangazi kalala mchana, nyumba kimya.

Ramadhani haiko mbali. Sikukuu nitakwenda kwetu, Bi Zeyana amenipa ruhusa. Nataka nimshonee Zuhura gauni, na sitaki kulishona kwa mwili wa mtoto mwengine. Nilitaka kukata kwa kumkisia Raya. Nimeweka mkasi chini.

Jirani yetu wa Makunduchi, Bi Mwache, kaleta ukili wa mikeka kuuza mjini. Anarudi shamba kesho kwa gari la asubuhi. Nitamwambia amwambie mama anitumie:

Kawa yangu ya zamani, ile nyengine imebaki Malindi na siidai.

Ukindu mwembamba, wa kuwafunza watoto kusuka.

Kome kwa ajili ya darasa, wasiwe na ncha.

Na kamba ya usumba wa nazi, vipande viwili. Kimoja kipimwe bega la Zuhura mpaka kifundo cha mguu. Kimoja utosi mpaka chini, asimame wima, asidanganye kwa kunyanyukia vidole vya miguu.