Mizani Ndani ya Lifti

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila kichwa kinaniuma kwa sababu ya ukurasa mmoja wa kitabu cha fizikia. Kinasema mtu akisimama juu ya mizani ndani ya lifti, lifti inapoanza kupanda, mizani inasoma zaidi ya uzito wake. Hiyo zaidi imetoka wapi, baba? Hajala, hajabeba kitu. Nilimuuliza mwalimu, akasema ni kanuni, niikariri. Nilipouliza tena akaniambia nikae chini.

Wewe ni fundi wa lifti, unashinda humo kutwa. Nakuomba upande na mizani, kisha uniandikie ulichokiona. Simu hapa bwenini zimekatazwa, kwa hiyo nasubiri barua.

Mwanao

14 Februari

Kwako Bi Kwanini,

Marahaba, mwanangu. Mgongo bado unanisumbua. Nashukuru umeuliza habari zake kabla hujaanza maswali yako.

Nimeazima mizani kwenye zahanati ya ghorofa ya tatu, na muuguzi ameniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikapanda toka chini hadi ghorofa ya kumi na mbili, nikashuka, nikapanda tena, watu wa ofisini wananipisha huku wanacheka. Lifti ikiwa imesimama nilisoma kilo sabini na nane. Ilipoanza kupanda, mshale ulikuwa palepale. Kitabu chenu kimekosea. Sasa niache nifanye kazi.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo. Nitakuwa mfupi kwa sababu nina hasira.

Nilisimama darasani nikasema kitabu kimekosea, baba yangu amepima mwenyewe. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema nisikanyage kipindi chake mpaka nieleze kwa nini mizani ya baba yangu inasema uongo, na muhula ukiisha sijaeleza, ananitoa kwenye mchepuo wa sayansi. Sasa wenzangu wakiwa kwenye fizikia mimi nimekaa maktaba peke yangu. Unajua nataka uhandisi, na bila fizikia hakuna uhandisi.

Je, mizani ni nzima? Ulisoma lifti inapoanza tu, au ikiwa imeshashika mwendo? Maana ikishashika mwendo mizani haizidi tena. Kwani lifti yenu inaondoka polepole sana?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima.

Mizani ni nzima, inapima wagonjwa kila siku. Lifti inaondoka kwa nguvu hadi wazee wanalalamika. Nilisoma pale inapoanza, na macho ninayo. Kazi hii nimeianza kabla hujazaliwa, sijawahi kuitwa mwongo, tena na mtu ambaye pengine lifti anaisoma tu vitabuni. Muombe mwalimu radhi, kariri hiyo kanuni yao, urudi darasani. Maswali yako yanakuponza. Habari za mizani usinitajie tena.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua zangu mbili hukujibu. Najua umenichunia.

Nimeshamuomba radhi mwalimu kama ulivyosema. Alisema hataki radhi, anataka maelezo, na mwezi wa sita muhula unaisha. Nimebanwa huku na huku. Yeye ananiona mbishi, wewe unaniona sina adabu, na mimi nilitaka kujua tu.

Jana nilipanda kwenye mizani ya stoo ya jikoni, ile ya kupimia magunia. Nikaegemea meza kidogo, nikapungua. Kwa hiyo nina swali moja, baba, na ukikasirika basi. Lifti ilipoanza kupanda, mikono yako ilikuwa wapi?

Mwanao

5 Mei

Mwanangu,

Nilianza kukuandikia kwa ukali kwamba mikono yangu ilikuwa mahali pake. Kisha nikaweka kalamu chini, kwa sababu mahali pake ni kwenye chuma.

Sisi mafundi hupanda juu ya paa la lifti kukagua kamba, na jambo la kwanza unalofundishwa ni kukamata chuma kabla haijaondoka, na kukiegemea. Nimezoea hivyo hata ninapokuwa ndani, nashika kile chuma cha ukutani. Sijui tena kama nimeshika.

Leo nimeazima tena mizani. Nikatia mikono mifukoni, lifti ilipoondoka mkono ukatoka wenyewe ukashika. Mara ya pili vilevile. Nilikasirika, nikaifunga mikono kifuani kwa mkanda wa suruali, nikabonyeza kitufe kwa kiwiko. Mshale uliruka hadi themanini na tano, kisha ukarudi. Siku ile mizani haikusema uongo. Kilichozidi kilikuwa kimebebwa na mkono wangu. Mpelekee mwalimu wako maelezo hayo, na unisamehe kwa kukununia.

Baba yako

20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkanda umesharudi kiunoni.

Nilieleza ubaoni. Nikachora mtu, mizani na chuma, nikaonyesha uzito unavyogawanyika. Mwalimu alitazama muda mrefu, akasema sawa, nenda kakae. Kwa hiyo nimerudi, na kwenye mchepuo nabaki. Lakini ameniwekea sharti: swali moja kwa kipindi. Moja, baba! Jana nililimaliza kabla hajafuta ubao, nikakaa na mengine manne yananichoma hadi kengele ikalia. Nilidhani nikirudi nitafurahi.

Mwanao

1 Juni

Kwako Bi Kwanini,

Marahaba. Mgongo umetulia.

Leo nilikuwa juu ya paa nakagua kamba, likanijia wazo. Zikikatika zote, breki zisishike, na mimi nimo ndani nimesimama juu ya mizani, itasoma ngapi? Nilimuuliza fundi mwenzangu, akaniambia nikaze nati. Sikupenda jibu hilo, na kazi haikuendelea vizuri tena.

Kwa hilo usitumie swali lako moja la darasani, ni langu, nijibu wewe mwenyewe. Na yale manne niletee huku.

Baba yako