Lugha Isiyo na Kelele

Silanga, Kibera

Kwa Shangazi Aluoch,

Habari za Homa Bay? Omena ulizotuma zilifika salama, na majirani wameshazionja. Wanakusalimia sana.

Uliponiuliza kwa simu kama kazi iko sawa, nilikujibu ni sawa tu. Haikuwa sawa. Darasa langu kule Kawangware lina watoto wa kila kabila, na kila asubuhi nilikuwa naanza kuwapigia kelele kabla hata sijashika chaki. Nilikuwa nimeamua muhula huu ukiisha, naacha ualimu.

Jumanne niliingia nimechoka mpaka sijielewi. Nikaanza kueleza hesabu ya kugawanya ubaoni, na nilipogeuka nikamkuta Njambi amesimama, anawaelezea wenzake kwa Kiswahili. Kumbe muda wote huo nilikuwa nafundisha kwa Kijaluo. Njambi ni Mkikuyu, binti wa landilodi mmoja wa huko Kawangware, lakini amecheza na watoto wa wapangaji wao Wajaluo tangu akiwa mdogo, na kwa hivyo anakisikia vizuri.

"Mbona hamkuniambia?" nikamuuliza.

"Tungekuambia ungerudi kwa Kiswahili, ticha," akasema. "Na kwa Kijaluo wewe hupigi kelele."

Shangazi, hicho Kijaluo nilikitoa kwako, na katika miaka yote uliyonilea hukuwahi kunipigia kelele. Sijaacha kazi. Nafundisha kwa Kiswahili kama kawaida, ila sasa kwa sauti yako.

Asante kwa kunilea nayo.

Ni mimi binti yako,
Filister